Mnasihi mmoja katika shule ya kijijini: shajara ya mwaka wa kwanza

Hii ni shajara ya kuanzisha huduma ya unasihi katika shule ya kijijini ambayo haikuwa nayo, mnasihi akiwa mmoja tu. Naiandika kwa yeyote atakayekabidhiwa kazi kama hii na kuambiwa "haya, anza". Humu hamna kisa cha mwanafunzi hata mmoja, hata kwa jina la kubuni. Mahali ambapo kila mtu anamjua mwenzake, ukisema tu "yule wa darasa la juu aliyefiwa mwaka huu" umeshamtaja. Kwa hiyo utakuta habari za milango, karatasi, ratiba na makubaliano. Gharama nimeziandika kwa kile kilicholiwa hasa: muda, nafasi na uvumilivu wa walimu wenzangu.

Muhula wa 1, wiki ya 1: chumba

Nilipewa chumba kilichopakana na ofisi ya mwalimu mkuu. Kina meza, kina dirisha zuri, na mlango unafungika. Kasoro ilikuwa benchi la nje: ndilo wanalokalia wanaosubiri adhabu. Mwanafunzi akionekana pale, kabla kengele haijalia darasa zima limeshamwamulia kosa. Hakuja mtu kwa hiari yake. Walioletwa na walimu walikaa kama watuhumiwa, wakisubiri nianze kuwahoji.

Nikaomba stoo ya vitabu iliyo mwisho wa jengo. Ni finyu na ina vumbi, lakini kila mwanafunzi ana sababu ya kwenda huko, maana vitabu vya kuazima hutolewa hapohapo. Sharti la kupewa stoo lilikuwa nitoe vitabu mimi mwenyewe. Nilikubali haraka kabla mwalimu mkuu hajabadili nia. Kuanzia siku ile, mtu akiingia kwangu haijulikani kama amefuata kamusi au amefuata kulia.

Jaribio la sauti: mwambie mtu asome gazeti ndani kwa sauti ya mazungumzo, wewe usimame nje. Ukisikia maneno, hapafai. Palikuwa hapafai kabisa. Tulihamishia rafu zilizojaa vitabu kwenye ukuta unaopakana na darasa, tukatundika pazia zito nyuma ya mlango, na maneno yakabaki mvumo. Kiti cha mwanafunzi kipo karibu na mlango kuliko changu ili asijione amezibiwa njia. Viti vimekaa kwa pembe, havitazamani, ili macho yapate pa kwenda.

Gharama: siku kadhaa za kubeba vitabu, pazia, na kazi ya maktaba ambayo sasa ni yangu moja kwa moja.

Muhula wa 1, wiki ya 3: dakika chache kwa kila mmoja

Chama cha Wanasihi wa Shule cha Marekani kinapendekeza mnasihi mmoja kwa wanafunzi 250. Shule ya kijijini yenye wanafunzi wachache kuliko hao, kwenye karatasi inaonekana imebahatika. Uwiano huo hausemi ni watu wangapi wengine waliosomea kazi hii unaoweza kuwafikia kabla jua halijazama. Hapa hakuna hata mmoja. Ndiyo maana hatua ya kwanza haikuwa kushauri mtu, ilikuwa kujua mapema nani ana nani wa kumkimbilia.

Mpango: kila mwanafunzi aje kwa dakika chache, mwenye shida na asiye nayo. Nilianza na swali la kipimo walilolieneza Steve de Shazer na Insoo Kim Berg, waanzilishi wa unasihi mfupi unaolenga suluhisho kule Milwaukee, Marekani: "Kutoka 0 hadi 10, mambo yako yakoje siku hizi?"

Wote wakasema 8. Waliotangulia walikuwa wamewapa wenzao swali pamoja na jibu, na 8 ikawa namba ya kutokea haraka. Isingekuwa kwamba nimechoka, ningecheka.

Namba nimeiacha ilivyo, nikaongeza swali la pili: "Ingeshuka hadi 4, nani angekuwa wa kwanza kugundua?" Hilo halina jibu la kukariri. Wengi hutaja bibi, kaka, au mwenzao wa dawati. Anayenyamaza, au anayesema "hakuna", jina lake linaingia kwenye orodha ya kuonwa tena hata kama amejipa 10. Kati ya yote niliyoyajaribu mwaka huu, swali hili ndilo ningempa mnasihi mpya kwanza.

Jambo jingine lililogoma ni kuita kwa mpangilio wa alfabeti. Kijijini jina la ukoo hurudiwa, ndugu wakaja wakifuatana, mdogo akijibu alivyoagizwa na mkubwa. Sasa naita kwa mpangilio wa viti. Na baada ya mwalimu wa hisabati kulalamika (kwa haki), naita kwenye vipindi vya kujisomea tu.

Gharama: kazi hii ilikula sehemu kubwa ya muhula. Sijutii.

Muhula wa 1, wiki ya 7: sanduku

Sanduku la maoni lilitundikwa barazani, na kufuli likatiwa. Baada ya wiki moja lilikuwa na mizaha, malalamiko juu ya mwalimu fulani, na ujumbe mmoja mzito uliotumbukizwa mbele ya macho ya watu, kwa mwandiko ambao nusu ya darasa ingeutambua. Siku ya pili yake niliulizwa kama funguo haiwezi kukaa ofisini "kwa usalama". Sanduku likashushwa.

Badala yake kuna kipande cha karatasi kila Ijumaa, dakika za mwisho za kipindi cha mwisho. Kila mwanafunzi anapewa. Kina viboksi vitatu vya kuwekea alama: niko sawa, ningependa kuongea, nina wasiwasi na mtu mwingine. Toleo la kwanza lilikuwa na hivyo tu, likafeli kwa sababu ya mikono: aliye sawa anaweka alama mara moja na kulaza kalamu, na anayeendelea kuandika anaonekana na darasa zima. Toleo la pili lina mistari mitatu chini, na kila mtu lazima ajaze. Asiye na la kusema ananakili sentensi iliyo ubaoni. Kalamu zote zinakwenda kwa muda uleule. Karatasi hukunjwa, naikusanya mwenyewe dawati kwa dawati, haipiti kwa kiranja.

Anayeomba kuongea simwiti siku ileile. Namwingiza katikati ya majina mengine kwenye orodha ya vitabu vinavyotakiwa kurudishwa. Isipokuwa alichoandika kinaashiria hatari. Huyo haondoki shuleni bila kuonwa.

Muhula wa 1, wiki ya 9: maneno ya usiri

Ukimwahidi mtoto kwamba hutasema kitu kwa mtu yeyote, umemdanganya. Kuna mambo ambayo huwezi kuyafungia: anataka kujidhuru, anataka kumdhuru mtu, au kuna anayemdhuru yeye. Mahakama ya Juu ya California iliamua mwaka 1976, katika kesi ya Tarasoff, kwamba mtaalamu wa tiba ya akili ana wajibu wa kumlinda mtu aliyetishiwa na mgonjwa wake, na tangu hapo mipaka ya usiri imekuwa somo la lazima katika fani hii. Kwa upande wa mtoto, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unamlinda pande zote mbili: ibara ya 16 inalinda faragha yake, ibara ya 19 inaitaka serikali imkinge na ukatili. Mnasihi anasimama katikati ya ibara hizo mbili karibu kila wiki.

Maneno ninayosema kabla mwanafunzi hajaanza: "Utakachoniambia kinabaki hapa, isipokuwa usalama wako au wa mtu mwingine ukiwa hatarini. Ikifika hapo nitamwambia mtu anayeweza kusaidia, na wewe utakuwa wa kwanza kujua nitamwambia nani na nitasema nini." Sehemu ya mwisho niliiongeza baadaye. Bila hiyo, wengi walikuwa wakinyamaza ghafla katikati ya sentensi.

Walimu walikuwa wagumu zaidi ya wanafunzi. "Amekwambia nini yule?" huulizwa kwa upendo, chai ikiwa mkononi. Kujibu "ni siri" kuliniletea manung'uniko ya kwamba najiona. Sasa najibu: "Aliyoyasema siwezi, mwalimu, ila kuna jambo moja litakalomsaidia darasani kwako." Kisha nalitaja: akae mbele, asisomewe alama zake kwa sauti, aruhusiwe kutoka bila kueleza. Mwalimu anapata la kufanya, na hiyo ndiyo haja yake hasa alipouliza.

Muhula wa 2, wiki ya 2: karatasi ya saa

Mnasihi pekee huonekana ni mtu mwenye nafasi. Mwalimu akiugua, aingie darasani. Mitihani, asimamie. Kamati ya nidhamu, akae "kwa kuwa anawajua watoto".

Mazungumzo ya kwanza na uongozi yalijengwa juu ya viwango: chama nilichokitaja juu kinapendekeza angalau asilimia 80 ya muda wa mnasihi iende kwenye huduma kwa wanafunzi, ya moja kwa moja na isiyo ya moja kwa moja. Nilisikilizwa kwa heshima, na kesho yake nikapangiwa kusimamia mtihani.

Kilichosaidia ni karatasi yenye vyumba vya nusu saa, na herufi moja katika kila chumba: W kwa wanafunzi, M kwa maandalizi, N kwa kazi nyingine. Nilijaza kwa wiki kadhaa bila kulalamika. Karatasi ilipowekwa mezani, N zilijionyesha zenyewe. Kamati ya nidhamu nikaondolewa, na hilo ndilo nililolitaka kuliko yote, kwa sababu huwezi kuwa mtu wa kuungamiwa asubuhi na mtu wa kuhukumu mchana. Usimamizi wa mitihani umebaki. Zamu ya uwanjani walipotaka kuniondolea nilikataa: wanafunzi huongea kwa urahisi zaidi wakiwa wanatembea kando yako kuliko wakiwa kitini.

Muhula wa 2, wiki ya 5: mpango wa dharura

Hatua hii imechukua nafasi kubwa kuliko zote, na inastahili.

Kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Utafiti umerudi na jibu hilo mara nyingi, na Shirika la Afya Duniani linalisema wazi. Nilianza na walimu: nani wa kuuliza, kwa maneno gani. "Usije ukafanya jambo la kijinga" si swali, na mwanafunzi hulijibu kwa kutikisa kichwa tu. "Unafikiria kujiua?" ni swali. Walifanya mazoezi wawili wawili. Baadhi hawakuweza kulitamka hadi siku ya pili.

Muundo niliochukua ni mpango wa usalama wa Barbara Stanley na Gregory Brown, unaoandikwa pamoja na mhusika kwa maneno yake mwenyewe. Una hatua sita: dalili zinazotangulia, mambo anayoweza kufanya mwenyewe, watu na mahali pa kumtoa kwenye mawazo, watu wa kuwaomba msaada, wataalamu, na kuondoa vitu vya hatari karibu naye.

Kijijini hatua ya tano na ya sita hazifanani na za mjini. Tulifanya igizo siku ya kawaida, bila dharura yoyote, na mambo yakavunjika moja baada ya jingine. Namba ya kituo cha afya haikupokelewa baada ya saa za kazi. Gari tulilolitegemea lilikuwa safarini. Kilichonitisha zaidi: ili nipate mtandao nilipaswa kutoka chumbani na kwenda nyuma ya jengo, maana yake ningemwacha mwanafunzi peke yake, jambo ambalo ndilo la kwanza kukatazwa.

Marekebisho yaliingia kwenye ukurasa mmoja. Watu wazima wawili kila mara: mmoja hatoki upande wa mwanafunzi kwa sababu yoyote ile, wa pili anapiga simu na kutafuta usafiri. Namba ziko tatu kwa mpangilio, ya mwisho ni ya mtu anayepokea usiku. Magari ni mawili, na wenye magari wameridhia wenyewe, hawakupangiwa. Mzazi au mlezi anaitwa aje, haambiwi kwa simu.

Hatua ya sita inahusu sumu za shamba. Hazikosekani katika nyumba za wakulima, na mara nyingi hukaa ndani, pembeni ya vitu vingine. Sri Lanka ilipiga marufuku kwa awamu viuatilifu vyenye sumu kali, na kati ya mwaka 1995 na 2015 kiwango cha kujiua nchini humo kilishuka kwa takriban asilimia 70. Msukumo wa kujiua mara nyingi hupita; kinachoamua ni kilichopo karibu wakati ule. Kwa hiyo nilileta jambo hili kwenye mkutano wa wazazi wote, kama suala la usalama wa watoto wadogo nyumbani, ili mzazi atakayekuja kuambiwa afungie sumu asione ni yeye tu. Hata hivyo mbele ya mzazi mmoja mmoja swali huja: "Mwalimu, unataka kusema mwanangu amerukwa na akili?" Najibu: "Hapana, mama. Ana uchungu mkubwa. Mpaka uchungu huo utulie, tumwondolee karibu kila kinachoweza kumdhuru." Baba akiwepo, namwomba yeye ndiye ashike ufunguo. Akiwa na la kufanya kwa mikono yake, hasira yake hupungua.

Gharama: mikutano, igizo lililokula mchana mzima wa masomo, na makabati machache yenye kufuli yaliyotengenezwa kwenye karakana ya shule kwa familia zilizoomba.

Muhula wa 2, wiki ya 8: nje ya geti

Fupi. Utakutana na wanafunzi wako na wazazi wao kila mahali. Mwanzoni mwa kila mazungumzo nasema: "Tukikutana nje nitakusalimia kama ninavyosalimia yeyote, na sitagusia ya hapa." Mzazi akinisimamisha njiani kuulizia maendeleo, namwambia siku na saa ya kuja shuleni. Mara ya kwanza huonekana ukaidi. Mwanafunzi ambaye ni ndugu yangu simchukui kabisa. Tazama muhula wa 3.

Muhula wa 2, wiki ya 10: wasaidizi rika

Mnasihi mmoja hawezi kuwa masikio ya shule nzima, kwa hiyo nilitaka wanafunzi wa kusaidia. Walipendekezwa viranja. Hakuna aliyewaendea, kwa sababu inayojulikana na kila mwanafunzi duniani: kiranja ni sikio la mwalimu.

Awamu ya pili niliuliza kwenye karatasi ya Ijumaa: "Ukiwa na shida, ungemwendea nani darasani kwenu?" Majina yaliyojirudia hayakuwa ya wenye alama za juu, na mawili yaliwashangaza walimu sana. Nikawafundisha kwa muundo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011: tazama, sikiliza, unganisha. Hakuna kushauri. Kuna sharti moja: habari ya hatari haibebwi na mtoto, inafika kwa mtu mzima siku hiyohiyo.

Wakati wa mapumziko mmoja wao alionekana amezungukwa na watu kila siku, hali chakula, hachezi. Tangu hapo zamu ni ya muhula mmoja, na baada ya hapo ni lazima kupumzika, hata anayelilia kuendelea.

Muhula wa 3, wiki ya 2: mwenzangu wa simu

Mnasihi naye anahitaji mtu wa kumkagua. Kundi la ujumbe la wanasihi wa shule za mbali lilikufa upesi: likajaa matangazo na salamu, na simu za wengi zinashikwa na familia nzima, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kuandika neno la maana.

Tumebaki wawili, tunapigiana kwa saa tuliyokubaliana. Hakuna jina, hakuna darasa, hakuna kijiji. Anayeleta jambo anajibu maswali matatu: unajua nini, unadhani nini, utafanya nini kesho asubuhi. La pili ndilo linalouma, maana mara nyingi orodha ya ninayodhani huwa ndefu kuliko ya ninayojua. Ndugu zangu anawahudumia yeye, na mimi wa kwake.

Muhula wa 3, wiki ya 6: kumbukumbu

Faili zimegawanywa. Daftari la mahudhurio lina tarehe, namba ya siri na aina ya huduma, basi. Anayekagua shule anaweza kulisoma. Orodha inayounganisha namba na majina iko kwenye kabati jingine. Maelezo ya mazungumzo ni mafupi, yanaandikwa siku ileile: kilichosemwa, nilichokiona, kilichokubaliwa. Maoni yangu hayaingii. Naandika nikijua kwamba mwanafunzi mwenyewe anaweza kuja kuyasoma.

Muhula wa 3, wiki ya 9: jaribio la kutokuwepo

Swali la mwisho la mwaka: siku mnasihi akiugua, huduma inafanyaje? Tulijaribu. Nilibaki nyumbani siku ya kazi, na mwalimu mkuu msaidizi akapewa dharura ya kubuni saa nne asubuhi.

Watu wawili walijipanga sawa. Mmoja hakuondoka upande wa "mwanafunzi", wa pili alijua gari la nani. Halafu wakakwama: ukurasa wa mpango wa dharura ulikuwa ndani ya kabati langu, limefungwa, na funguo ninazo mimi.

Nakala sasa ziko mbili, moja kwenye droo ya mwalimu mkuu na nyingine ofisi ya walimu, nyuma ya ratiba. Zina namba za simu na majukumu tu. Jaribio litarudiwa wiki ya kwanza ya muhula ujao, mchana, wakati magari yote mawili huwa hayapo.